Mikesha ya Northern Soul na santuri za bei ya kiwanja: wenye ugonjwa huu tukutane hapa

Mwana wa Keko (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii nimekaa nayo miezi nikisita, maana kila nikiigusa kwa watu wa nyumbani naulizwa kama baridi imeniingia kichwani. Leo naimwaga: muziki uitwao Northern Soul.

Naishi Stoke-on-Trent, Uingereza, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Nafanya kazi ghalani. Kuna mzee pale kazini ana miaka 69, magoti yamechoka, akipanda ngazi anashika ukuta. Siku moja akaniambia, Jumamosi twende soul, tutakesha. Soul si roho? Nikajua ni mkesha wa kanisa. Nikavaa suruali ya heshima, nikachomekea.

Tukafika kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Watu wazima watupu, wengi wana miaka sitini na kuendelea, kila mmoja na begi lake kama anaenda mazoezini. Mzee wangu akafungua begi, akatoa shati la akiba, taulo na kopo la poda ya watoto. Akanyunyiza poda sakafuni. Nikasema moyoni, huyu anaagua.

Kumbe poda ni ya kutelezesha viatu. Ngoma ilipopigwa, yule mzee wa kushika ukuta akaanza kuzunguka kama pia. Akajirusha nyuma hadi kiganja kikagusa sakafu, akainuka bila kukosa mdundo. Miaka 69! Na kila mtu alikuwa anacheza peke yake. Hakuna aliyemwinda msichana, hakuna wa kuomba namba. Ukifunga macho unasikia viatu vya ngozi vinavyoburura sakafuni, na wimbo ukiisha watu wanampigia makofi dijei.

Kilichonimaliza ni nyimbo zenyewe. Mimi nimelelewa na kanda za soul za baba, Otis Redding na Aretha nawajua kwa moyo. Usiku ule mzima sikuutambua hata wimbo mmoja. Wale wazee walikuwa wanaziimba neno kwa neno.

Nikaanza kuchimba, na hapa ndipo nilipofika. Miaka ya 1960 kila mtu Detroit na Chicago alitaka kuwa Motown, ile kampuni kubwa ya santuri za soul. Vikazaliwa vilebo, yaani vikampuni vya kurekodi, visivyohesabika. Vilirekodi, vikachapa nakala mia chache, redio zikazikataa, vikafa. Santuri zikabaki zimelala maghalani. Wakati Marekani wenyewe wamehamia kwenye funk, vijana wa viwandani na migodini kaskazini mwa Uingereza hawakutaka kuhama. Walitaka mdundo ule ule wa haraka wa 1965 na 1966. Motown haikuwa inatoa tena nyimbo za aina hiyo, kwa hiyo ilibidi wafukue zile zilizofeli.

Jina Northern Soul alilitoa mwandishi Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London lililoitwa Soul City. Mashabiki wa mpira kutoka kaskazini walikuwa wakija London na timu zao, wakipita dukani hawataki mpya wala maarufu. Akawaambia wauzaji wake, hao wakija msiwapotezee muda na funk, wapeni "northern soul", yaani soul ya watu wa kaskazini. Hiyo ni 1968 hivi, na 1970 akaliandika kwenye safu yake ya jarida la Blues & Soul.

Kwa hiyo ni muziki uliopewa jina la wasikilizaji wake. Waimbaji hawakuwa na habari. Karibuni.

---

Mgeni Njoo

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, kwenda mkesha wa disko umechomekea umenivunja mbavu.

---

Dada wa Ilala

Mleta mada, bei ya kiwanja iko wapi? Umetuweka kwenye kichwa cha habari halafu ukatuacha njiani.

---

Mwana wa Keko

Inakuja dada yangu.

1965, kijana wa Motown anaitwa Frank Wilson alirekodi wimbo "Do I Love You (Indeed I Do)" kwenye lebo ya Soul, ambayo ni tanzu ya Motown. Zikachapwa nakala 250 za kupelekwa redioni. Kabla hazijatoka, Berry Gordy, mwenye kampuni, akamuuliza: unataka kuwa mwimbaji au mtayarishaji? Wilson akachagua utayarishaji. Santuri zikaharibiwa.

Miaka zaidi ya kumi baadaye nakala ikaibuka, ikavuka bahari. Ikapigwa Wigan Casino, ukumbi mkuu wa mikesha hii, ila kwa jina la uongo: dijei aliwaambia watu mwimbaji anaitwa Eddie Foster, ili wenzake wasijue pa kuitafuta. Ukumbi ukachanganyikiwa. Kwa miaka mingi nakala zilizojulikana kubaki zilikuwa mbili. Moja iliuzwa 2009 kwa pauni 25,742.

Wilson mwenyewe hakuwa mtu wa kulia njaa. Alitayarisha nyimbo za Four Tops, Supremes na Eddie Kendricks, 1976 akaondoka Motown, akawa mhubiri. Alifariki 2012. Fikiria unahubiri California huku watu wa mgodini Lancashire wanajirusha chini kwa wimbo uliousahau.

---

Sindano

Mada yangu hii. Nipo Birmingham, nakusanya tangu 2011.

Nimuongezee Dada wa Ilala moja inayouma zaidi. Darrell Banks, "Open the Door to Your Heart", 1966. Santuri ya Kimarekani unaipata kwa bei ya chakula cha mchana, maana ilipendwa na ilichapwa kwa wingi. Uingereza ilitakiwa itoke kwenye lebo ya London, haki zikahamia lebo ya Stateside, zile za London zikafutwa. Ikabaki nakala moja inayojulikana. 2014 iliuzwa pauni 14,543. Wimbo ule ule, sauti ile ile. Kilichobadilika ni karatasi ya katikati.

Kwa hiyo kijana ukiingia huku jua unanunua vitu viwili tofauti, wimbo na karatasi. Wimbo unaupata bure kwenye simu yako. Karatasi ndiyo itakufilisi.

---

Chuma cha Pua

Samahani nitaharibu sherehe. Mweusi wa Detroit kaimba, kapewa dola chache za studio, lebo imekufa. Mzungu kanunua santuri kwa senti, kaiuzia mzungu mwenzake kwa elfu ishirini. Mwimbaji kapata nini? Mnashangilia bei ya kaburi.

---

Mwana wa Keko

Chuma, swali lako ndilo nililomuuliza yule mzee tukirudi na gari alfajiri. Alinyamaza hadi taa ya pili. Kisha akasema, wengi hawakupata kitu.

Santuri ikiuzwa mkono wa pili, mwimbaji hana fungu lake. Hapo hakuna cha kutetea. Na mbaya zaidi ni nakala haramu: wimbo ukishika moto Wigan, wajanja walikuwa wanauchapa upya kimya kimya na kuuza kwa mamia, na hiyo nayo haikumfikia mwenye sauti.

Lakini si wote waliobaki gizani. Major Lance wa Chicago alihamia Uingereza kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 70, na Desemba 1972 akarekodi onyesho la moja kwa moja hapa hapa Stoke, eneo la Tunstall, klabu ya Torch. Nikienda kununua mkate napita mtaa ilipokuwa, Hose Street. Edwin Starr wa Detroit alihamia kabisa, akaishi pembeni ya Nottingham, akafia huko 2003. Marekani wangekuwa watu wa zamani. Huku walipanda jukwaani wakiwa wafalme.

Na 1982 kukaanzishwa lebo ya Kent, chini ya Ace Records ya London, ambayo inatoa nyimbo hizi kwa leseni na kulipa. Wakapata hadi nyimbo ambazo hazikuwahi kutoka kabisa, zimelala kwenye mikanda ya studio tangu miaka ya 60. Haifuti deni, lakini ni tofauti na wale wa nakala haramu.

---

Chuma cha Pua

Angalau umekiri. Wengi hapa wangeniita mchawi.

---

Mvita_Damu

Ndugu zangu, mie ni wa Mombasa na hili la kuficha jina la wimbo limenichekesha, kwa sababu si la Waingereza. Madijei wa Jamaika na mitambo yao ya mtaani walikuwa wakikwangua karatasi ya katikati ya santuri tangu miaka ya 50. Coxsone Dodd alikuwa na santuri yake ya siri, watu Kingston wakiiita "Coxsone Hop". Kumbe ni ngoma ya Mmarekani Willis Jackson. Mpinzani wake Duke Reid alipoipata na kuipiga mbele yake, ilikuwa vita.

Na kama mwataka soul ya kwetu, muulizeni mtu wa pwani yeyote wa umri ule kuhusu Slim Ali na Hodi Boys. Kijana wa Mombasa, Mswahili, akipanda jukwaani Nairobi pale Starlight waapa ni Mmarekani. Wimbo wake "You Can Do It" mamangu aliuchezea harusini.

---

Sindano

Mvita umenikumbusha. Wazungu hawa hawa sasa wamegeukia kwetu. "Fever" ya Ishmael Jingo wa Kenya inawindwa kama dhahabu. Matata, waliokuwa Air Fiesta Matata, walirekodi Uingereza kwenye lebo ya President. Na Sunburst wa Dar es Salaam, santuri yao "Ave Africa" ilirekodiwa Zambia 1976, ikarudishwa sokoni 2016 na lebo ya Strut ya London. Mimi Mtanzania nimeijua Sunburst nikiwa Birmingham, nimeuziwa na Mwingereza. Aibu yangu.

---

Mzizima68

Vijana hamjambo.

Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, na ninayoyasema anayaandika yeye. Mkiona kosa ni lake.

Nyinyi mnaongelea vijana wa Uingereza kukesha na soul 1969. Sisi Dar tulikuwa tunakesha nayo mwaka huo huo. Tukijiita "soul diggers". Shimo letu la kuchimba lilikuwa redio na binamu yangu baharia, ambaye kila meli yake ikitoka London alikuwa na santuri mbili tatu ndani ya soksi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tunakusanyika nyumbani kwa mtu, gramafoni moja, watu thelathini, madirisha yamefungwa, jasho.

Mwanzo wa mwaka ilianza Operesheni Vijana, sketi fupi na suruali za kubana marufuku mjini. Halafu Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, na Dar ilikuwa ndani ya mkoa huo, akapiga marufuku muziki wa soul. Si kwamba haukupendeza. Ulionekana ni uhuni wa kigeni, unaharibu mabinti. Magazeti yakajaa barua, wengine wanaunga mkono, wengine wanauliza, mbona James Brown ni mtu mweusi anayesema tujivunie weusi, ukoloni umetoka wapi hapo?

Basi ikawa hivyo. Huko kwao soul ya Mmarekani mweusi inachezwa na watoto wa Kizungu mpaka asubuhi. Kwetu sisi weusi tunaizima mlangoni mtu akibisha hodi.

Mleta mada, umesema wazee hao wanavaa suruali za namna gani?

---

Dada wa Ilala

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma mara mbili hiyo. Sikuwahi kufundishwa shuleni kwamba soul ilipigwa marufuku Dar.

---

Mwana wa Keko

Shikamoo mzee. Umenipa zawadi.

Suruali zao ni pana kuanzia pajani mpaka chini, kiuno kirefu, vifungo vingi, miguuni zinafagia. Pensheni yote anashona suruali. Wanasema upana ni kwa ajili ya kuzunguka: kitambaa kinafunguka kama mwavuli.

---

Mzizima68

Marahaba.

Hiyo ni bugaluu, mwanangu. Sisi tulizivaa mbele kidogo, miaka ya sabini, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, juu yake. Na jina bugaluu lenyewe limetoka kwenye dansi ya Wamarekani weusi. Mwambie mzee mwenzangu huyo wa ghalani kwamba Dar kuna mtu bado anayo moja kabatini, inamkataa kiunoni tu.

---

ChapaIlale

Uzi wa mwaka. Swali la mjinga: mikesha hiyo pombe inaruhusiwa? Maana kucheza saa sita mfululizo ukiwa na miaka 20 tu na umetoka kiwandani si kawaida.

---

Mwana wa Keko

Si la mjinga hata kidogo. Kumbi nyingi za mikesha hazikuwa na kibali cha pombe kwa saa zile. Kilichowaweka macho wengi kilikuwa vidonge vya amfetamini. Tusipambe. Maduka ya dawa yalivunjwa, vijana walikamatwa, wengine walikufa. Klabu mama, Twisted Wheel ya Manchester, ilifungwa Januari 1971 polisi wakiwa wameikalia kooni. Torch ya hapa Tunstall ilipoteza kibali 1973, sababu ni hiyo hiyo.

Yule mzee wangu ananiambia kaka yake alipotea hivyo. Aliniambia mara moja, hakurudia.

Siku hizi kwenye ukumbi wetu dawa zinazomezwa ni za presha.

---

ChapaIlale

Na Wigan Casino? Kila mtu anaitaja kama Maka.

---

Mwana wa Keko

Wigan ni mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba kati ya Manchester na Liverpool. Casino haikuwa kasino, ulikuwa ukumbi mkongwe wa dansi, mwanzoni ukiitwa Empress Ballroom. Mkesha wa kwanza ulikuwa tarehe 23 Septemba 1973. Ulianza saa nane usiku, maana ukumbi ulikuwa na shughuli zake za kawaida kwanza, ukaisha saa mbili asubuhi. Watu walikuja na mabasi kutoka Scotland mpaka kusini kabisa. Foleni mtaani, mlango unafunguliwa, ule mvuke wa jasho unakupiga usoni. Wanasema kuta zilikuwa zinatiririka.

Asubuhi walimaliza kwa nyimbo tatu zile zile kila wiki, "3 before 8": Jimmy Radcliffe, Tobi Legend na Dean Parrish. Ya Tobi Legend inaitwa "Time Will Pass You By". Imepigwa pia kwenye ukumbi wetu, saa sita kasorobo usiku, wazee wameshikana mabega. Mimi nilienda chooni. Poda iliniingia machoni.

Mkesha wa mwisho wa Casino ulikuwa tarehe 6 Desemba 1981. Mwaka uliofuata jengo likaungua, likabomolewa.

Wakati huo huo Blackpool kulikuwa na Highland Room ndani ya ukumbi wa dansi uitwao Mecca, madijei Ian Levine na Colin Curtis. Levine alikuwa mtoto wa watu wenye pesa, familia ikienda likizo Miami yeye anarudi na santuri kwa maelfu. Huyu ndiye aliyeleta ugomvi, maana katikati ya miaka ya 70 alianza kupiga soul mpya ya wakati ule, yenye mdundo wa taratibu, kama The Carstairs. Wengine wakaona ni usaliti, hadi wakabeba bango "Levine Must Go". Watu waligombana, mabibi na mabwana, kuhusu santuri ya miaka kumi nyuma na ya mwaka jana.

---

Mvita_Damu

Hilo nalijua. Kwetu ni taarabu asilia na rusha roho. Watu hawaalikani harusi.

---

Dada wa Ilala

Na wanawake? Mnataja madijei wanaume tu.

---

Mwana wa Keko

Umenibana. Sakafuni wapo wengi na wanacheza vizuri kuliko wanaume, sketi zao za mduara zikizunguka utadhani maua. Kwenye kibanda cha dijei na kwenye meza za wauza santuri ni wanaume tisa kwa mmoja. Wimbo maarufu kuliko zote ni wa mwanamke, Gloria Jones, "Tainted Love". Ulitoka miaka ya 60 ukiwa upande B, ukafeli. Dijei Richard Searling aliuokota Philadelphia 1973, ukawa moto Wigan, na 1981 Soft Cell wakaurudia ukawa namba moja Uingereza. Waulize watu mia, tisini watakwambia ni wimbo wa Soft Cell.

---

Fundi Mchundo

Sasa wakuu nina pesa kidogo nataka kuanza kukusanya. Nipo Arusha, nanunua mtandaoni. Nitajuaje feki?

---

Sindano

Ngoja nikupe kwa damu yangu. Mwaka wangu wa pili nililipa pauni 180 kwa muuzaji mmoja, simtaji, kwa santuri aliyoapa ni toleo la kwanza. Lebo ya karatasi safi, rangi sawa, inang'aa. Nikaipeleka kwenye mkesha kujionyesha. Mzee mmoja akaichukua, hakuangalia lebo hata kidogo. Akaiinamisha kwenye taa, akatazama pale mifereji ya sauti inapoishia, kabla ya karatasi. Akanirudishia. "Nzuri kwa kuchezea nyumbani," akasema.

Pale patupu ndipo ukweli ulipo. Kiwanda kilikuwa kinachonga au kugonga namba na alama zake. Santuri nyingi za Detroit zilichapwa Owosso, Michigan, kiwanda cha American Record Pressing, na utaona herufi ARP zimegongwa. Za Monarch ya Los Angeles zina herufi MR ndani ya duara na namba yenye pembetatu kando. Mwizi anachapa lebo vizuri sana, ila huku mara nyingi anakwangua namba kwa mkono, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akupigie picha pale, na akikataa ondoka.

Pili, si zote ni vinyl. Viwanda vingine Marekani vilitumia plastiki ngumu iitwayo styrene, lebo imegandishwa kwa gundi. Ni nyepesi, ukiigonga kwa kucha inalia kama sahani ya plastiki. Sindano mbovu ikipita mara ishirini, sauti imekufa kabisa na kwa macho huoni kitu. Kwa hiyo usinunue kwa picha ya mng'aro, omba akurekodie.

Tatu, tundu la katikati. Santuri ndogo za Marekani zina tundu kubwa. Nunua kidude cha plastiki cha kuziba. Usimwachie fundi wa mtaani akutengenezee kwa gundi, nimeyaona.

Na usianze na bei kubwa. Dobie Gray "Out on the Floor", Al Wilson "The Snake", hizo zimechapwa sana na ukumbi wote utacheza.

---

Fundi Mchundo

Nimehifadhi. Ubarikiwe. Ila kwenye mikesha si wangekuacha upige hiyo feki? Sauti si moja?

---

Sindano

Mikesha mikali hapana. Original tu, dijei akipiga nakala haramu anasemwa mwezi mzima. Mimi zamani niliona ni majivuno. Sasa naona pia ni adhabu kwa wezi waliowachapia waimbaji nyimbo bila kulipa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

---

Chuma cha Pua

Mmenivuta. Nimesikiliza Tobi Legend usiku kucha. Sina la kusema.

---

Mzizima68

Mjukuu amerudi kutoka shule, tuendelee.

Santuri za yule binamu ninazo saba. Nyingine ziliondoka, sisemi zilikwenda wapi. Moja ni The Supremes, "Stop! In the Name of Love", lebo nyeusi imeandikwa Tamla Motown, na namba TMG 501. Mjukuu anasema niuze ninunue pikipiki. Ina thamani?

---

Mwana wa Keko

Mzee wangu, hiyo namba isome vizuri. TMG 501 ni ya kwanza kabisa ya lebo ya Tamla Motown ya Uingereza, Machi 1965. Na unajua nani aliyeisukuma Motown iwe na lebo yake Uingereza? Dave Godin yule yule wa jina Northern Soul. Alikuwa ameanzisha chama cha mashabiki wa Motown hata kabla lebo haijawepo, Berry Gordy akamwita Detroit kumsikiliza.

Kwa pesa, samahani kwa mjukuu: iliuzwa kwa wingi mno. Ukiwa na bahati ni pauni chache, ikiwa safi. Pikipiki haipatikani, labda kofia ya kuendeshea. Laiti binamu yako angekuokotea ile isiyopendwa na mtu.

---

Mzizima68

Mjukuu amenuna, anaandika kwa shingo upande.

Mimi sikuwa nauza. Nilitaka ajue jibu. Shida yangu ni nyingine: gramafoni haizunguki. Fundi wa mtaani kafungua, anasema mkanda wa mpira umekatika na Kariakoo hawana. Santuri sijaisikia tangu msiba wa mke wangu.

---

Sindano

Mzee, hiyo haishindikani. Mikanda ipo huku, ni vitu vya bei ndogo. Nahitaji kujua urefu. Chukua uzi wa kushonea, zungusha pale pale mkanda ulipopita, kwenye kigurudumu cha injini na kwenye sahani ya chini. Ukikutana kata, nyoosha, pima kwa rula. Mimi nitapunguza kidogo, maana mpira lazima ukaze. Nitumie pembeni na anwani ya kupokelea.

---

Mwana wa Keko

Sindano akituma mkanda, mimi naongeza sindano mpya. Iliyokaa miaka mingi hivyo itakukwangulia TMG 501.

---

Mzizima68

Uzi: sentimita 61. Mjukuu amepima mara tatu, ana hasira lakini ni mkweli.